Filamu ya Vita Niliyomsimulia Shemeji

Katika mji huu wa Dodoma, mtu akitaka kujua filamu ya vita ni nzuri au mbaya huja kuniuliza mimi. Siongopi. Leo watu wananijua kwa matofali, maana nyumba nyingi za watumishi waliohamia huku zimesimama kwa tofali zangu, na niliishia darasa la tano tu. Lakini kabla ya tofali la kwanza nilikuwa na banda la video, na hilo banda ndilo lililonilea.

Nilikuwa nasimama kando ya runinga na maiki mkononi. Filamu inasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili. Kiingereza chenyewe sikukijua na hadi leo sikijui. Nilikuwa natazama midomo, natazama macho, natazama nani kashika bunduki, halafu natunga. Siku moja mwalimu wa sekondari alinivuta nje akaniambia yule jenerali hakusema anamtafuta mtu aliyemuua mama yake, alisema anataka kahawa. Nikamuuliza, "Mwalimu, ipi nzuri?" Akacheka. Kesho yake alikuwa benchi la mbele.

Nilikuwa na kipimo changu. Bunduki ya kwanza ikichelewa kulia mpaka mteja amemaliza karanga zake, hiyo filamu haifai. Na kulikuwa na zile sehemu za kulala: askari wamekaa chini tu, mmoja anatazama picha ya mkewe, mwingine anafunga kamba ya kiatu. Hapo nilikuwa nabonyeza rimoti naruka. Watu hawakuingia kwangu kumtazama mtu akifunga kiatu.

Miaka hiyohiyo mume wa dada yangu alikuwa jeshini, na wakampeleka nchi ya jirani kulinda amani. Basi mimi nikapata mtaji mwingine. Kila steringi, yaani shujaa wa filamu, alipofyatua risasi moja wakaanguka watatu, nilikuwa napiga kelele kwenye maiki, "Hivi ndivyo shemeji yangu anavyowafanya huko aliko!" Banda lote linaitikia. Mpaka anarudi, shemeji alikuwa tayari ni komando. Alikuwa ameruka kutoka kwenye ndege, amevuka mto wenye mamba, na kovu alilorudi nalo kwenye bega la kushoto nililitungia risasi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu mia.

Shemeji aliyasikia, akanitazama tu. Ni mtu wa maneno machache. Alipostaafu akaenda Buigiri, akapanda zabibu nyuma ya nyumba, na baada ya miaka michache macho yakaanza kumwacha. Daktari alisema ni presha ya macho. Mimi mtaani nikasema ni bomu. Sasa haoni kabisa. Zabibu zake anazipogoa kwa kupapasa, na anazipogoa vizuri kuliko vijana wenye macho mawili. Watu wakimtania kwamba Buigiri kuna shule ya watoto wasioona, kwa nini asiende kusoma, anajibu, "Nimeuliza. Wamesema nina ndevu."

Ana binti mmoja. Alimaliza kidato cha sita, akaenda mafunzo ya jeshi ya mujibu wa sheria, na huko akapendezwa na kambi. Akarudi nyumbani amenyooka mgongo, anatandika kitanda kama anapanga matofali. Nafasi za kujiunga na jeshi zilipokaribia, akamwambia baba yake anataka kuomba. Baba yake akasema hapana, na hakusema kwa nini. Mama yake, yaani dada yangu, akafurahi, maana yeye anataka mtoto asomee uuguzi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wa shemeji mtoto hafungi safari kubwa bila maji ya baba. Baba anachukua funda la maji mdomoni, anampulizia mtoto kifuani, basi, umebarikiwa, nenda. Binti alipokwenda mafunzoni alipuliziwa. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, hakuna sheria ya kumzuia, angeweza kuomba mwenyewe akaondoka. Lakini alisema, "Siendi bila maji ya baba." Alilisema mara moja, na wote tulijua amemaliza.

Ndipo likaja suala la filamu. Binti alikuwa ameona filamu kambini, kwenye simu ya mwenzake, ya askari wa siku hizi huko kwenye nchi ya mchanga. Akamwambia baba yake filamu hiyo inaonyesha uaskari ulivyo, wala si ule wa banda la mjomba. Shemeji akasema, "Niletee hiyo filamu niisikilize. Nikikuta humo kuna kweli, nitakupa maji. Nikikuta uongo mtupu, utakwenda kusomea uuguzi kama mama yako anavyotaka. Na sitaki unisimulie wewe. Wewe ndiye mwenye kesi, huwezi tena kuwa shahidi. Mwite mjomba wako."

"Mjomba ana chumvi, baba."

"Chumvi yake naijua ladha. Nitaitoa."

Nikaitwa, na niliitika kwa heshima zote. Jumapili baada ya ibada nikapakia kwenye gari langu la mizigo runinga yangu kubwa, ile ya inchi ambazo jirani zangu hawana, nikailaza juu ya godoro. Nikapakia na sabufa mbili. Nilivaa shati jipya la kitenge nililoshonewa kwa kipimo. Nikaenda Buigiri nikipiga honi kwa kila ninayemjua.

Dada yangu alinipokea kwenye gari kabla sijashuka. Ni mkubwa wangu, alinibeba mgongoni, kwa hiyo haniogopi hata nikiwa na magari.

"Sikiliza wewe. Umwambie kila mtu kafa."

"Dada, filamu yenyewe sijaiona."

"Kwani lini uliwahi kuhitaji kuiona? Mwambie wamekufa wote. Hata mbuzi. Mwambie kuna msichana kakatika miguu."

Nikamwitikia, nikaingia ndani. Binti akanipa shikamoo, akachukua waya wa sabufa, na tulipoinama nyuma ya runinga akaninong'oneza, "Mjomba, nakuomba. Mara hii mwambie kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwitikia yeye, kama nilivyomwitikia mama yake. Ndivyo nilivyo, sipendi mtu aondoke kwangu na uso umekunjamana.

Jua lilikuwa kali dirishani, picha haionekani vizuri. Tukaanza kutundika mashuka madirishani, dada analalamika, mimi natoa amri, bado mwanga unapenya. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono juu ya fimbo yake. Akasema, "Kwangu tayari. Nawasubiri nyinyi." Tukacheka mpaka dada akaangusha shuka.

Filamu ikaanza. Kwa haki, ni filamu iliyotengenezwa vizuri. Magari mapya, helikopta za kweli, vumbi la kweli. Bunduki ililia mapema, karanga hazijafika nusu. Nikakohoa, nikashika rimoti kama nilivyokuwa nashika maiki, na sauti yangu ile ya zamani ikarudi yenyewe. Nilijisikia kijana.

"Shemeji, wako kwenye bonde. Maadui juu ya jabali. Bomu hilo! Aa, mkono wa mtu umeruka, umeangukia kwenye gari!" Nilimtazama dada yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkono?" shemeji akauliza.

"Mkono mzima. Na saa yake."

"Huo mlio ulikuwa wa mbali. Ng'ambo ya bonde huko. Mkono umekatwaje?"

Binti alikuwa ameinama anatazama sakafu. Nikajirekebisha, nikaenda upande wake sasa. Nikamwambia shemeji wapo vijana hodari, wamenyooka, wanapendana kama ndugu, kamanda wao anawahutubia wote wanalia kwa uzalendo.

"Amesema nini kamanda?"

"Amesema ... amesema nchi yetu kwanza."

"Mbona kama alikuwa anamfokea mtu?"

Binti akashindwa kujizuia. "Alikuwa anauliza nani kaacha mlango wa gari wazi, baba."

"Wewe nyamaza. Endelea, shemeji."

Nikaendelea, lakini kiburi kilikuwa kimepungua. Nimesimulia filamu mbele ya watu mia, walevi wamo, wezi wamo, na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali kama ya huyu mtu asiyeona. Nikimwambia askari anakimbia, anauliza amebeba nini mgongoni. Nikimwambia wamelala mahandakini, anauliza nani amebaki macho. Milio ya risasi ilimchosha. Mara mbili nilidhani amesinzia. Mimi nilikuwa naona moto mtupu, filamu safi ya kujaza banda, yeye anapiga miayo. Binti alikuwa anahesabu ile miayo usoni mwa baba yake, namwona, na kila mmoja ulikuwa unampunguzia tumaini.

Halafu risasi zikakoma. Askari wamekaa chini ya ukuta, hawasemi kitu. Kidole changu kikafanya kazi yake ya siku zote. Nikaruka.

"Umeruka," shemeji akasema.

"Hakuna kitu hapo, shemeji. Wamekaa tu."

"Kuna maji. Nimesikia maji yanamiminwa. Rudisha."

Nikarudisha. Na hapo ndipo nilipokwama, maana nilitakiwa kusimulia kitu ambacho maisha yangu yote nilikuwa nakipita. Hakuna anayeongea wa kumtungia maneno. Hakuna adui. Ilibidi nitazame.

"Wako saba," nikasema. "Wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Midomo imekauka, imepasuka. Kuna gari limekuja. Si la vita. Ni boza la maji."

Shemeji akainua kichwa.

"Endelea."

"Mtu kashuka anavuta mpira. Wanapanga foleni na chupa zao. Hakuna anayesukuma mwenzake. Mmoja mikono ina damu, sijui ya nani, mwenzake anammiminia anawe. Yule wa damu anatazama maji yanavyoanguka mchangani, anakunja kiganja kuyakinga, hataki yapotee. Sasa wanakunywa. Basi. Wanakunywa tu."

"Na dereva wa boza?"

"Wanaonyesha buti zake. Zimejaa tope, wakati wengine wote wana vumbi."

"Uso?"

Nikangoja. Picha ikaondoka. "Uso hawakuonyesha, shemeji."

Akacheka. Nimemjua mtu huyu karibu miaka thelathini na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, mpaka machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hapo wamesema kweli," shemeji akasema. "Tope kwenye buti. Huyo aliyetengeneza hii filamu alikuwepo, au alimsikiliza mtu aliyekuwepo. Zima kwanza."

Nikazima.

"Mimi ndiye huyo," akasema.

Binti akasema, "Nani, baba?"

"Wa boza. Nilikaa kule mwaka mmoja na nusu nikiendesha boza la maji. Bunduki yangu ilikuwa nyuma ya kiti, sikuifyatua hata mara moja."

Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu nikakosa. Dada yangu hakushtuka. Alikuwa anajua siku zote.

Shemeji akatusimulia. Kila asubuhi alikwenda mtoni, pampu inajaza, anarudi kambini. Katikati ya njia palikuwa na kijiji, na wanawake walikuwa wanasimama kando ya barabara na vyungu na ndoo. Amri ilikuwa gari lisisimame popote. Siku ya kwanza hakusimama. Akawaona kwenye kioo cha pembeni, hawakumtukana, walisimama vilevile tu. Siku ya pili akalegeza koki ya nyuma kidogo, na pale kwenye kona ya kijiji akaenda mwendo wa konokono. Gari halikusimama. Lilikuwa linavuja. Wanawake wakalifuata nyuma, mmoja anakinga, anampisha mwenzake.

"Kamanda akaniuliza mbona maji yanafika pungufu. Nikamwambia koki imechoka, afande. Akaja mwenyewe kuitazama. Akaishika, akaona haina ubovu, akanitazama. Akasema, 'Kweli imechoka.' Miezi yote ile haikubadilishwa."

Halafu asubuhi moja alifika pale kwenye kona hakukuta mtu. Hakuna mtoto, hakuna kuku. Vyungu vilikuwa vimebaki vimepangwa kwenye mstari wao kando ya barabara. Siku hiyo alisimamisha gari, amri au si amri. Akashuka, akajaza vyungu vyote kimoja kimoja mpaka juu, akaondoka.

"Kwa nini ulijaza, baba, kama hawapo?"

"Sikujua la kufanya lingine. Mimi ni mtu wa maji."

Mimi nikasema jambo ambalo mtu wa mdomo kama mimi lazima aseme. Nikasema, "Shemeji, mbona hukutuambia?"

Akageuza uso upande wangu hasa, kama ananiona. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nilirudi nikakuta umeshanipa bunduki, shemeji. Watu wananipisha dukani. Watoto wananipigia saluti. Ningeanza wapi kuwaambia habari za koki?"

Nimejenga nyumba nne, nimesomesha watoto ambao si wangu, na sijawahi kujiona mdogo mbele ya mtu yeyote, hata hawa wakubwa wanaokuja kiwandani na miwani myeusi. Jumapili ile nilijiona mdogo. Niliona jinsi yule mtu alivyokaa miaka yote na kile kijiji peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimejaza nafasi yote na mamba na ndege.

"Na kovu la begani?" binti akauliza. "Ile risasi?"

"Mpira wa maji ulifyatuka kwenye pampu. Nililala chali kwenye tope, jeshi zima linanicheka."

Binti akaanza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa. Dada yangu naye akashindwa. Nikasema, "Hiyo risasi niliitunga mimi. Na mamba. Na ndege. Na lile bomu la macho. Mpwa wangu, baba yako hajawahi kusema uongo hata mmoja. Wote ni wangu." Nililisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi na majirani wameshakusanyika kibarazani kusikiliza sabufa, kwa hiyo walisikia. Nilitaka wasikie.

Shemeji akagonga fimbo sakafuni. "Haya. Kesi. Filamu hii ina saa nzima ya uongo na dakika tatu za kweli."

Binti akasimama. Mikono yake niliiona, alikuwa ameishika mmoja kwa mwingine.

"Dakika tatu ni nyingi," shemeji akasema. "Nyingine hazina hata moja. Sasa nikuulize. Ulitaka kwenda kwa ajili ya komando, na komando hayupo. Ukienda wanaweza kukupa boza. Wanaweza kukupa jiko. Unaweza kukaa miaka hakuna anayeonyesha uso wako. Na unaweza kukuta vyungu vimepangwa, watu hawapo, na utarudi navyo nyumbani hivyohivyo. Bado unataka?"

Hakujibu haraka. Nilipenda kwamba hakujibu haraka.

"Nataka, baba. Ila jana nilikuwa siogopi, leo naogopa."

"Nilikunyima kwa sababu ulikuwa huogopi. Mama yake, naomba maji."

Dada yangu alisimama pale mlangoni muda mrefu na mwiko wake. Nilidhani atakataa. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe, akakitia mkononi mwa mumewe kwa nguvu mpaka yakamwagika. "Utaandika barua," akamwambia binti. "Si hizi meseji zenu. Barua." Kisha akageuka akafuta uso kwa upande wa khanga.

Binti akapiga magoti mbele ya baba yake. Shemeji akapapasa, akalipata bega lake, akapima kwa mkono kama anavyopima tawi la mzabibu kabla hajalikata. Akachukua funda, akapuliza. Lakini haoni, na mimi nilikuwa nimesogea karibu mno, maana sijawahi kukaa nyuma kwenye jambo lolote. Nusu ya maji ilimwingia binti kifuani, nusu ikanilowesha mimi, shati jipya lote, mpaka ndevuni.

Dada yangu akanitazama, macho bado mekundu. "Haya, na wewe umebarikiwa. Utakwenda jeshini?"

Sikujifuta. Nikamwambia nitakwenda, ila wasinikabidhi stoo ya bunduki. Nimeshagawa za kutosha.